Siku Mama Alipopanda Mnara wa Gura

Siku hizi watu wa mjini wakija huku Jumapili huuliza njia ya kwenda mnarani, na watoto wa hapa huwaelekeza kwa kidevu bila hata kusimama. Ni matembezi mazuri, sikatai. Unaacha barabara karibu na kiwanda cha kahawa, unafuata ukingo wa jabali, mto Gura unakwenda nawe chini kabisa ukiwa mweupe kwa povu, na asubuhi isiyo na ukungu Mlima Kenya unakaa mbele yako mzima, pamoja na theluji yake. Wageni hufika, hupiga picha, hula mayai ya kuchemsha, hurudi maganda wameyaacha palepale. Nikiwa shambani nikawaona wakipita, hunijia hamu ya kuwasimamisha. Halafu nasema ah, mtu aliyekuja kupunga upepo hataki kusimamishwa na mwanamke mzee mwenye jembe.

Mnara wenyewe si mrefu. Jabali ndilo refu. Mnara ni mawe ya mtoni yaliyopangwa pembe nne, na juu kuna sakafu ya miti ya mitarakwa ambayo mchwa wameshindwa nayo mpaka leo. Ulijengwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, ili homgadi wapate mahali pa kusimama na kuangalia bondeni. Homgadi walikuwa wenyeji wenzetu walioshika bunduki upande wa serikali ya mkoloni, na kazi yao ilikuwa kuhakikisha watu wa msituni hawashuki kutafuta chakula, na sisi tuliofungiwa kijijini hatutoki kuwapelekea.

Waliobeba mawe yake walikuwa wanawake. Wanaume wetu walikuwa msituni au kizuizini, kwa hivyo wanawake ndio waliotoa mawe mtoni na kuyapandisha jabali kwa ukanda wa ngozi unaopita kichwani, uleule wa kubebea kuni. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Mpaka anakufa alikuwa na mfereji kwenye kipaji cha uso, ungeweza kulaza kidole ndani yake. Baba alirudi kutoka kizuizini na kifua kibovu, akaona bendera ikipanda, akafariki muda si mrefu baadaye, na mama akabaki na sisi, na huo mfereji, na ulimi wake.

Juu ya mnara alikaa mtu mwenye filimbi. Akimwona mtu nje ya ua wa kijiji saa zisizoruhusiwa, alipuliza, na wenzake waliokuwa chini walitoka mbio kwenda kumkamata. Nilikuwa mdogo sana, mengi ya wakati ule nimesimuliwa tu, lakini filimbi naikumbuka mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu sikuwahi kuishika. Siku za michezo nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, na walimu wenzangu walidhani ni maringo.

Sasa, kati ya vijana wote wa Nyeri, mimi nilikwenda kumpenda mtoto wa mtu wa filimbi.

Sikumtafuta. Miaka ya sabini ilikuwa imeanza, mimi nikiwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, yeye karani katika ghala la mpunga kule Wang'uru, Mwea. Tulikutana sokoni Karatina nikibishana na muuza viazi, naye akaingilia kati upande wa muuza viazi. Nilimkasirikia wiki nzima. Mimi hasira zangu ni za karibu, huwaka na kuzimika hapohapo, kwa hivyo nilipoona hii imekaa wiki nzima nilijua kuna jambo. Alipokuja kuniambia kwao ni wapi, nilijua baba yake ni nani, kwa maana ng'ambo ya mto na huku sisi wote tunajuana hadi mbuzi. Naye alijua mimi ni wa nani. Miezi mingi hatukulitaja jambo hilo. Tulizungumza habari za mpunga.

Alipoanza kuja nyumbani alileta mchele wa Mwea, ule wa pishori unaonukia hata kabla haujapikwa. Mama alimkaribisha vizuri, akampa chai, akamuuliza habari za mvua huko chini, akamsindikiza mpaka langoni. Kisha akarudi, akachukua mchele, akautupia kuku. Nina hakika wale walikuwa kuku pekee Nyeri nzima waliolishwa pishori.

"Mama, huo ni mchele wa bei!"

"Hata kuku ni ya bei," akasema, akakung'uta mfuko.

Hakusema neno baya juu ya kijana mwenyewe. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi, kwa sababu mama akimpenda mtu humtukana.

Lazima niseme pia habari za nduma, yale magimbi ya kando ya mto, la sivyo hutaelewa yaliyotokea. Katika mambo yote ya wakati ule mama alikuwa na hadithi moja tu aliyopenda kuisimulia. Kabla watu hawajakusanywa kijijini alikuwa na bustani ya nduma kando ya Gura, chini kabisa, jabali likiwa juu yake. Kijijini chakula kilikuwa shida, na muda wa kutoka kutafuta ulikuwa mfupi, ukitoka nje ya muda huo unakamatwa. Mama akapiga hesabu zake. Akaona kwamba kwa kuwa bustani iko chini ya jabali lenyewe, mtu aliye mnarani hawezi kuiona, ataona ng'ambo tu na mto. Basi alfajiri, watu wakiwa bado wanakoka moto, alipenya ua, akateremka kwa njia ya mbuzi, akachimba nduma zake na kurudi nazo ndani ya nguo. Alifanya hivyo msimu mzima wa njaa na hakukamatwa hata siku moja.

"Walinibebesha mawe wajenge nyumba ya kuniangalia," alikuwa akisema, "na mimi nilikuwa nakula nduma yangu hapo chini ya miguu yao! Ati walinzi!" Hapo alicheka mpaka akashika mbavu. Wageni walisimuliwa, majirani walisimuliwa, mchungaji alisimuliwa siku ya mazishi ya baba. Serikali ilimchukulia mume, nyumba na shamba, lakini siku za nduma mama aliishinda, na ushindi huo alikuwa hauachii.

Kwa hivyo watu wa kijana walipotuma ujumbe kwamba wangependa kuja kubisha hodi, baba mdogo, ambaye ndiye angepokea wageni kwa niaba ya marehemu, alimjia mama akiwa ameshika kofia mkononi. Akamwambia hatakaa kikao mpaka yeye aseme neno. Mama alikuwa akichambua maharagwe. Aliendelea kuchambua.

"Waambie wangoje," akasema. "Nataka kwanza nione hiyo mnara. Na huyo baba ya kijana anipate huko. Yeye peke yake. Sitaki wazee, sitaki kijana."

"Unataka kuona nini huko?" baba mdogo akauliza.

"Mahali alikuwa anasimama."

Nilikosa usingizi. Ningeweza kwenda na kijana wangu kwa mkuu wa wilaya tukaandikishwa ndoa, wengine walifanya hivyo na mbingu haikuanguka. Lakini mimi sikutaka kuolewa kama mtu anayetoroka. Nilimtaka kijana yule na nilimtaka mama, wote wawili, uwanja mmoja, na sasa yote yalikuwa mikononi mwa wazee wawili ambao hawajasalimiana tangu kabla ya uhuru. Nilijua pia kwamba mama akisema hapana, atakuwa na haki. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Tulikwenda Jumapili baada ya ibada. Mama alivaa gauni lake la kanisani, kitambaa cheupe kichwani, na raba nyeupe za kaka yangu zilizompwaya kidogo, na kwenye kiondo akatia chupa ya chai na viazi vitamu. Mimi nilibeba kiondo. Yeye alitangulia, na ingawa alikuwa na magoti mabaya, nilikuwa nikimfuata mbiombio.

Njia ile inabana. Mahali pengine ni upana wa mtu mmoja, huku nyasi, huku hewa tupu, na mvuke wa maporomoko unapanda mpaka unakulowesha nyusi. Nilikuwa sijawahi kuipita. Watu wa rika la mama walikuwa wakiikwepa, wakizunguka mbali kwa barabara, na sisi watoto tukafuata tabia hiyo bila kuuliza. Mama alikuwa akinionyesha vitu kwa mkono bila kugeuka. Hapa ndipo walipokuwa wanahesabiwa. Hapa palikuwa na utelezi. Hapa mama fulani alikataa kuendelea, akakaa chini na jiwe lake, akapigwa, akakaa tu.

Tulipofika kwenye kona ambapo bonde linafunguka alisimama ghafla, karibu nimgonge. Mbele yetu kulikuwa na mlima, hauna wingu hata moja. Nyuma yetu milima ya Nyandarua, rangi ya samawati. Katikati mashamba ya kahawa yakishuka ngazi kwa ngazi, mabati mapya yakimetameta, moshi wa chakula cha mchana. Mama alitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ni kuzuri hivi," akasema.

"Mama, si ulipita hapa kila siku?"

"Nilipita, maitu. Lakini na jiwe kichwani unaona nini? Unaona visigino ya yule ako mbele yako." Mimi nimepewa jina la mama yake mzazi, kwa hivyo aliniita maitu, yaani mama, maisha yake yote, na alinigombeza kama mtoto vilevile. "Visigino nazijua zote. Hii mlima ndiyo nauona leo."

Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa, akaniambia ni mvuke.

Yule mzee alikuwa amefika kabla yetu. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye koti jeusi lililochakaa viwiko, na alipotuona aliinuka kutoka kwenye jiwe na kuvua kofia. Nilikuwa nimejiandaa kuona mtu wa kutisha. Niliona masikio ya kijana wangu kwenye kichwa chenye mvi. Ngazi ndefu ya kuezekea ilikuwa imeegemezwa ukutani kwa nje, na bega la koti lake lilikuwa na vumbi, nikajua ameibeba mwenyewe njia yote ile nyembamba.

"Ngazi ya ndani watu walichoma kuni," akasema, bila kumwangalia mtu. "Nikaona nilete hii."

Mama hakumsalimu. Alimpita, akaenda ukutani, akaweka kiganja juu ya jiwe, akakisogeza kwenye lingine. Alitembea hivyo kuzunguka mnara, taratibu, akigusa. Nilidhani anatafuta jiwe alilolijua. Aliporudi mbele nilimuuliza, akanikata jicho.

"Mawe ni mawe," akasema. "Sisi hatukuwahi kufika hapa. Tulikuwa tunaangusha huko kwa handaki yao, wanachukua wenyewe. Nilikuwa nataka kujua tu kama walijenga vizuri." Kisha akakunja gauni mkononi. "Shika ngazi, wewe."

Wewe huyo alikuwa mzee. Akaishika. Mama akapanda, raba zikipiga vidaraja pwata pwata, nami nikamfuata nikiwa nimenyoosha mkono mmoja juu, ambao usingemsaidia kitu kama angeanguka.

Kule juu upepo ulikuwa mkali. Kuna ukuta mfupi wa kiunoni, na mama aliushika kwa mikono miwili akainama nje, upande wa mtoni. Nilielewa alichofuata. Alikuja kuonja ushindi wake. Alitaka kusimama pale pale aliposimama adui, atazame chini, aone jabali likificha bustani yake, acheke, na baada ya kucheka pengine angepata nguvu ya kusema ndiyo, au hapana, kwa moyo mweupe. Nami niliinama pembeni yake nikiwa tayari kucheka naye.

Bustani ilikuwa wazi.

Jabali pale halikuvimba nje katikati, lilibonyea ndani, na ukiwa chini huwezi kujua hilo hata ukae miaka. Kutoka juu tuliona kingo zote za bustani, majani mapana ya nduma yakimeremeta maji, njia ya mbuzi ikiteremka kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hata jiwe la kuoshea. Tena kulikuwa na mtu. Mwanamke alikuwa ameinama akichimba, kitambaa cha manjano kichwani, mtoto mgongoni. Akainuka kujinyoosha.

"Huyo ni mke wa shemasi," mama akasema.

Ni kweli. Nami nilimtambua. Nilitambua hata kwamba mtoto ni yule mdogo, wala si wa kabla yake.

Niliona damu ikimpanda mama shingoni. Mtu asiyemjua angedhani amechoka. Mimi nilitafuta mahali pa kujificha, na juu ya mnara hakuna.

Alivuka sakafu kwenda upande wa ngazi, akachungulia. Ilibidi apaze sauti kwa ajili ya mto.

"Wewe! Asubuhi nani alikuwa anasimama hapa?"

Mzee aliinua uso. "Ni mimi."

"Kila asubuhi?"

"Asubuhi ilikuwa yangu."

"Na uliona nini hapo chini?"

Aliizungusha kofia mikononi. "Niliona mama anachimba nduma."

"Mama gani?"

"Si ni wewe."

Sijawahi kumwona mama amekasirika vile, na nimemkasirisha mara nyingi. Alipiga ukuta kwa kiganja. Alimwita mwizi. Alimuuliza amepata wapi ruhusa ya kumwacha. Ati yeye ndiye aliyekuwa anampa nduma zake mwenyewe, alizopanda kwa mikono yake, kana kwamba ni zawadi! Amemwacha asimulie watu hadithi ya ujinga miaka yote hii, mpaka mchungaji! Alisema mengi, mengine siyaandiki. Nilimwelewa kabisa. Mtu amenyang'anywa vyote, akabaki na kitu kimoja kidogo cha kujivunia, halafu anagundua hata hicho alikuwa amekopeshwa na aliyemnyang'anya. Niliwaza harusi yangu imekwisha, nikajishangaa kwamba wakati huo nilimhurumia mama kuliko nilivyojihurumia.

Alipoishiwa pumzi, mzee alikuwa bado amesimama palepale.

"Mbona hukusema?" mama akamuuliza, sauti imekwaruza. "Mtoto wako anataka msichana wangu. Ungekuja kwangu useme, mimi ndiye nilikuachilia. Ungeshinda hiyo maneno. Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Ati sikukushika ukienda shamba yako?" Akatikisa kichwa. "Hiyo si kitu ya kudai shukrani."

"Na mbona hukupuliza?"

Hapa nilitegemea aseme jambo jema. Baba wa kijana wangu, mtu mwenye siri kama hiyo, sasa atasema aliona uchungu, aliona haki, aliwaza uhuru. Nilimwombea kimoyomoyo aseme hivyo. Mzee alifikiri, akajikuna shingo.

"Siku ya kwanza filimbi ilikuwa mdomoni. Nikaona uko na mtoto mgongoni, nikaitoa. Siku ya pili nikisema nipulize, wataniuliza, na jana? Ulikuwa wapi jana? Basi nikaogopa. Ya tatu ndiyo mbaya zaidi. Ikawa hivyo tu, mpaka mvua ikanyesha na chakula ikapatikana."

Mtoto huyo wa mgongoni nilikuwa mimi. Nilishika ukuta.

"Na wengine?" mama akauliza, polepole sasa.

"Wengine nilipuliza."

"Nani?"

Akawataja. Aliwataja mmoja baada ya mwingine kwa majina yao na ya baba zao, mikono imeshuka, bila kukwepa hata mmoja na bila kusema aliamrishwa. Sitawaandika, watoto wao wapo na wengine nimewafundisha. Wawili kati yao mama alikuwa amebeba mawe pamoja nao, akifuata visigino vyao. Kila jina mama aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayethibitisha alichokijua tayari.

"Kuna mwenye umewahi kuendea ukamwambia?" mama akauliza.

"Mmoja. Alinifukuza na panga."

"Alifanya vizuri."

"Alifanya vizuri," mzee akakubali. "Wengine bado. Naogopa."

Mama akakaa chini kwenye sakafu ya mitarakwa, miguu ameinyoosha, raba mbili nyeupe zikitazama mbinguni. Akaomba chai. Nilimmiminia kwenye kifuniko, nyingine ikamwagika. Alikunywa akiangalia mlima. Halafu mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikamshika, kumbe anacheka.

"Ati na jana ulikuwa wapi," akasema, akajifuta pua. "Mwanamume mzima na bunduki, anaogopa jana." Akacheka tena, si kicheko chake cha nduma, kilikuwa kidogo na chenye machozi ndani. "Angeniambia ati ni huruma, maitu, ningemtupa chini na hizi mikono. Watu wa huruma tumewasikia wengi tangu uhuru. Kila mtu siku hizi alikuwa mtu wa huruma."

"Kwa hivyo, mama?" nikauliza. Sikuweza kungoja zaidi. Nilikuwa mwalimu, nina mshahara wangu, nimevaa saa, na nilikuwa nimepiga magoti kwenye mbao nikimwangalia mdomo.

Alinipa kifuniko, akainuka kwa kushikilia bega langu, akatengeneza kitambaa kichwani, akakivuta mpaka kikafunika mfereji wa kipaji. Akaenda kwenye ngazi. Aligeuka kinyumenyume, akatafuta kidaraja cha kwanza kwa mguu, akakipata, akatafuta cha pili. Kisha akachungulia chini ya kwapa lake, akamwona mzee amebana ngazi kwa mikono miwili, uso ameuinua, tayari kumwelekeza mahali pa kukanyaga. Mama akasimama hapohapo katikati ya hewa.

Kwetu mama wa msichana na baba wa kijana huitana muthoni, yaani mkwe, na tangu siku wanapoanza kuitana hivyo huheshimiana hata kwa macho. Mwanamume hupisha njia akikutana na muthoni wake, hageuki kumtazama akipita, na akimkuta akipanda au kushuka mahali hugeuza uso. Neno hilo haliitwi mtu kwa mzaha, na likishatamkwa halirudishwi.

"Muthoni," mama akasema, "umeniangalia ya kutosha. Sasa angalia kule."

Mimi nilikuwa juu, nikaona yote. Mzee alibaki ameduwaa, mdomo wazi, kisha akainamisha kichwa kwa haraka. Aligeuka, akaupa ukuta mgongo, akaishika ngazi kwa nyuma kwa mikono yake miwili, akaielekea milima. Mama alishuka taratibu, magoti yakimuuma, akitukana kila kidaraja kwa jina lake, na yule mtu hakugeuza shingo mpaka raba zote mbili zilipofika ardhini.